Zamu ya Kumpima Mama

Nyumbani kwetu kila kitu huenda kwa zamu. Zamu ya kuosha vyombo, zamu ya kukaa kiti cha dirishani, zamu ya kulamba mwiko. Mama alitulea wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume, na aliapa kwamba hakuna atakayemzika huku akinung'unika kuwa mwenzake alipendwa zaidi. Sasa tu watu wazima, kila mtu na kwake, mimi mvi zimeshaanza kunichungulia, na bado siku ya mazoezi ikifika mama hupiga simu kuuliza, "Leo zamu ya nani kumbeba Ng'ombe?"

Ng'ombe ni tarumbeta la mama. Ni lile kubwa kuliko yote, la kupakata, lenye mdomo mpana kama beseni la kufulia. Mama alikuwa fundi cherehani, na alipoiacha cherehani watu walidhani atafuga kuku. Yeye akajiunga na bendi ya matarumbeta ya wastaafu, inayofanya mazoezi kwenye ukumbi nyuma ya posta, na alipoambiwa achague ala akanyooshea kidole ile ambayo hakuna mwanamume pale aliyetaka kuibeba. Jirani wa pili aliposikia sauti yake kwa mara ya kwanza alikuja kugonga mlango, akauliza kwa adabu kama tumeanza kufuga. Jina likashika papo hapo.

Ila kinachowashangaza watu ni pumzi ya mama. Anashika sauti moja ndefu, haikatiki, mpaka wewe uliyekaa kitini unaanza kutafuta hewa kwa niaba yake. Siri iko mashavuni. Anayajaza hewa mpaka yanang'aa, halafu wakati anavuta pumzi mpya kwa pua, mashavu yanarudi taratibu na kuisukuma ile akiba nje. Mapafu yanapumzika, sauti haipumziki. Alijifunza kwa kupuliza maji kwenye glasi kwa mrija, jikoni, mwaka mzima, na mwaka mzima meza yetu ilikuwa imelowa.

Mimi na mdogo wangu kazi yetu ni moja: tunapiga picha za moyo kwa ultrasaundi. Unampaka mtu jeli ya baridi kifuani, unamwekea kile kidude cha mkononi, na moyo unatokea kwenye skrini ukirukaruka kama mtoto aliyeambiwa atulie. Yeye yuko hospitali kubwa, kwa watu wazima. Mimi niko kliniki ya watoto, ng'ambo ya barabara. Mama anatuita Futi na Rula. Futi ni mimi, kwa sababu nilikulia chini ya meza yake ya kukatia vitambaa, futi ya kupimia ikiwa shingoni. Rula alikuwa wa baba, Mungu amrehemu, aliyekuwa seremala. Hata mama mwenyewe kwenye bendi huitwa Mama Futi siku za mazoezi na Mama Rula siku za maonyesho. Aliwapangia yeye, wakatii.

Lazima niseme jambo moja kuhusu wazazi wetu, maana balaa lote lilitokea hapo. Baba alikuwa na sheria yake: ubao upimwe ukiwa umekauka na kutulia, kwa sababu ubao wenye maji ni mwongo. Mama naye alikuwa na yake: mteja apimwe akiwa ameshiba. "Nguo inayomtosha mwenye njaa," alisema, "itampasukia harusini mbele za watu." Walibishana juu ya hilo maisha yao yote ya ndoa, kwa mahaba, na kila mmoja akamrithisha mtoto wake.

Sasa, mama ana mshipa mkuu mpana kidogo. Nasema ule unaotoka moyoni, ukapanda, ukapinda kama mpini wa mwavuli na kushuka mpaka tumboni. Madaktari wanauita aota. Upana wenyewe si wa kutisha. Daktari wa moyo, mama mmoja mrefu tunayemwita Daktari Taratibu kwa jinsi anavyoongea, alisema hakuna neno maadamu mshipa haupanuki zaidi, na kwamba uwe unapimwa kila mwaka. Tena akasisitiza apimwe na mtu yule yule.

"Daktari," mama akamwuliza, "wewe una watoto wangapi?"

"Mmoja."

"Basi hujui."

Mwaka jana akapimwa na Rula. Mwaka huu ikawa zamu yangu. Alikuja kliniki kwangu watoto walipokwisha, akalala kwenye kitanda kifupi chenye picha za twiga, miguu ikining'inia nje, akanisimulia habari ya onyesho la Jumapili. Bendi ingepiga kwenye ukumbi wa mji, na katikati ya wimbo wa mwisho wote wangenyamaza wamwachie Ng'ombe peke yake. Tangu ajiunge, kazi ya mama ilikuwa kusema *pu, pu, pu* nyuma ya wenye vitarumbeta vidogo. Jumapili hii angesimama mbele. Alikuwa na furaha mpaka picha ilikuwa ikicheza na nikalazimika kumwambia anyamaze.

Nikaigandisha picha, nikapima. Milimita arobaini na tano.

Ya Rula ilikuwa arobaini na mbili. Nikapima tena. Arobaini na tano ile ile.

Nilijikaza kisabuni, nikamfuta jeli, nikamwambia majibu atayapata kwa daktari. Halafu nikaenda chooni nikalia, nimejiziba mdomo kwa taulo la karatasi.

Daktari Taratibu aliyasoma majibu yote mawili. "Milimita tatu," akasema, "kwa mwaka mmoja," akapumzika, "ni nyingi." Mshipa unaokua kwa kasi hiyo unaweza kupasuka. Akaeleza kwamba ataitisha wenzake wazungumzie upasuaji, na kwamba kwa sasa mama asipulize chochote.

"Hata mara moja? Jumapili tu?"

"Hata mshumaa, mama."

Tulirudi nyumbani kwa mama, sote watatu. Mama akamfunika Ng'ombe kwa shuka mpaka kichwani, akakaa kwenye kiti cha dirishani. Hakuuliza hata ni zamu ya nani kukikalia. Mimi ndipo nilipoogopa kwelikweli, kwa sababu mama yangu si mtu wa kukaa. Mama hushona amesimama, hula amesimama, na baba alikuwa akisema kwamba hata usingizini anatembea kwa miguu ya ndani.

Mimi na Rula tukaenda jikoni kugombana.

"Mwaka jana ulikosea," nikamwambia.

"Mimi? Wewe uliyezoea vifua vya watoto ndiye utajua kifua cha mtu mzima?"

"Nimepima mara mbili!"

"Ukipima vibaya mara mbili inakuwa vizuri?"

Tulinong'ona kwa hasira, kwa sababu tangu utotoni mama hukataza kelele jikoni. Tukaachana tumenuniana. Na ukweli ni kwamba kila mmoja alikuwa anaomba mwenzake ndiye awe sahihi: yeye akiomba kosa liwe lake la mwaka jana, mimi nikiomba liwe langu la juzi. Lakini kusema hivyo? Afadhali ufe.

Kesho yake mchana akaja kiongozi wa bendi. Huyu zamani alikuwa polisi wa barabarani, na hadi leo anaongoza muziki kwa mikono ya kuruhusu magari; kwenye bendi wanamwita Trafiki. Habari mbaya alikuwa ameshazipata. Alikuja na bango la onyesho, lilikuwa limechapishwa tayari, akadhani litamfariji. Akalikunjua mbele ya dirisha. Picha ilikuwa ya mama na Ng'ombe, kubwa, imejaa karatasi nzima.

Mama akaitazama.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, Mama Futi."

"Mimi? Huyu ana matumbwitumbwi!"

"Ni mashavu tu, mama, ulikuwa unapuliza..."

"Nilikuwa nimejaza! Mtu hapigwi picha amejaza! Mji mzima umebandikwa mashavu yangu?" Alishasimama. Alhamdulillahi, nikasema moyoni, amesimama. "Ungesubiri niyamwage!"

Trafiki akatoa simu yake haraka. "Nilikupiga nyingine, hii hapa, ya nukta hiyo hiyo. Mashavu yameingia ndani."

Mama akaiangalia, akarudisha shingo nyuma. "Hapa nimekuwa kama mtu aliyetoka kuugua."

"Sasa, Mama Futi, sura yako ni ipi?"

"Zote mbili!" mama akafoka. "Ndani ya pumzi moja!"

Nilikuwa nimesimama na trei ya chai. Sijui niliishusha wapi. Baadaye tuliikuta juu ya friji. Ninachokumbuka ni kwamba kitu kilinipanda kutoka unyayoni, nikaanza kucheka, na Trafiki akanitazama kama gari lililopita taa nyekundu.

Nikampigia Rula.

"Mwaka jana mama ulimgandisha wapi?"

"Dada, niko na mgonjwa."

"Wapi kwenye pigo la moyo? Nijibu!"

"Pale panapostahili. Kabla tu moyo haujapiga. Mshipa umetulia, umekaa sawa, ndivyo tunavyopima huku siku zote... Kwani wewe ulimgandisha wapi?"

"Baada. Moyo umeshapiga. Mshipa umeshiba."

Nilimsikia anavuta hewa.

"Dada," akasema.

"Naam."

"Sisi ni wajinga."

"Sana," nikasema, na machozi yalikuwa yananitiririka kwa kucheka.

Hapa nieleze, kwa sababu watu wengi wanadhani mshipa mkuu ni bomba la chuma. Sivyo. Moyo ukipiga, damu inaingia kwa kishindo, na mshipa unatanuka kuipokea. Shina lake linavutwa chini kidogo na kujisokota kidogo, na tao lake la juu linajinyoosha. Halafu moyo unapopumzika, mshipa unajirudi taratibu, na ile damu uliyoihifadhi unaisukuma mbele. Ndiyo maana damu haikatiki mwilini kila mara moyo unaponyamaza. Mashavu ya mama matupu! Kliniki kwetu tunapima mshipa ukiwa umejaa, kwa watu wazima wanapima umetulia, na kila upande una vitabu vyake. Hilo nimewaeleza wazazi wa wagonjwa wangu mara nyingi kiasi kwamba naweza kulieleza usingizini. Kwa mama yangu mwenyewe halikunijia, kwa sababu nilimpima alivyonifundisha kupima watu, na Rula alimpima kama ubao wa baba. Nyani haoni kundule.

Lakini kucheka si majibu. Huenda mshipa ulikuwa umekua kweli. Njiani kwenda hospitali wazo hilo lilinirudia, halafu mama akasema, "Matumbwitumbwi," peke yake, akitazama nje, na sote wawili tukapasuka tena. Alikuwa amelibeba bango lile kwapani. Alisema anataka daktari amwambie kama sura ile ni ya mgonjwa.

Daktari Taratibu alitukuta kwenye korido, mimi nimeshika ukuta, Rula ana kwikwi, mama katikati yetu kama mwalimu aliyeleta watoto watukutu. Rula akajaribu kueleza, akashindwa kwa kwikwi. Nikaeleza mimi. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akayatazama tena majibu yote mawili, kisha akafumba macho.

"Nilisema," akaanza, "mtu," akaendelea, "yule yule."

"Hilo ni kosa langu," mama akasema. "Nina watoto wawili."

Tukaingia chumbani kwa Rula. Daktari akasimama nyuma yetu amefunga mikono. Mama akalala, jeli ikapakwa, akaguna kwa baridi, na moyo wake ukatokea. Kwenye skrini, chini ya picha, ulikuwa unapita ule mstari wa umeme unaoonyesha kila pigo linapoanza. Mdogo wangu akakiweka kile kidude kifuani, akakiondoa, akakiweka tena. Tangu azaliwe sijawahi kumshika mkono ila kumvuta, lakini nikakishika kiwiko chake, nikakishikilia.

"Pima umetulia," daktari akasema.

Rula akaigandisha kabla tu ya pigo. Akavuta mstari kutoka ukuta mmoja wa mshipa hadi mwingine. Kile kijinamba kikatokea pembeni, na mimi nikashindwa kukisoma kwa sababu macho yalikuwa yamejaa maji.

"Arobaini na mbili," Rula akasoma. Kwikwi zilikuwa zimemtoka zote.

"Sasa umejaa."

Akaisogeza picha mbele, taratibu, na tukauona mshipa wa mama yetu unafunguka. Arobaini na tano.

Daktari akainama karibu na skrini. Alikaa hivyo muda mrefu, na akiwa mtu wa taratibu, muda wake mrefu ni mrefu kweli. Akaomba picha iachiwe icheze. Ikacheza. Mshipa ukatanuka, ukarudi, ukatanuka, ukarudi, hauna habari na mtu.

"Haujakua," akasema mwishowe. "Ni ule ule wa mwaka jana. Na tazameni unavyocheza." Akaeleza kwamba kwa umri wa mama alitegemea kuona mshipa uliokakamaa, maana kwa wengi hukakamaa, unapokea damu kama ukuta. "Huu bado," akatafuta neno, "bado..."

"Una mashavu," mama akamsaidia kutoka kitandani.

Daktari Taratibu akacheka. Hatukuwahi kumwona akicheka. Nacho kicheko kilikuja polepole, kikaanzia mabegani.

"Napuliza au sipulizi?" mama akauliza. Alikuwa ameinua kichwa, shingo imekaza, na hapo hapakuwa na utani kabisa.

"Puliza. Kama unavyopuliza siku zote, bila kujikamua. Ila hilo tarumbeta usilibebe wewe. Kunyanyua vizito ndiko nisikokutaka."

"Silibebi mimi. Linabebwa kwa zamu."

"Na kupimwa, kuanzia leo, ni hapa. Chumba hiki, mtu huyu, mshipa ukiwa umetulia."

"Na zamu ya Futi?"

"Hakuna zamu."

Mama akanitazama kwa huruma, kana kwamba nimefiwa. Nami nilitegemea wivu unipande, kwa sababu najijua. Nikausubiri mpaka tukafika nje kwenye jua. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba ulikosa pa kupita.

Jumapili ukumbi wa mji ulijaa. Yale mabango yalikuwa kila ukuta, mashavu ya mama yakimlaki kila aingiaye, na yeye mwenyewe alisimama mlangoni akiwaambia wageni, "Hiyo ni nusu tu, nusu nyingine iko jukwaani." Ulipofika wimbo wa mwisho Trafiki akainua kiganja, na bendi nzima ikasimama kama foleni ya magari. Ng'ombe akabaki peke yake.

Mama alianza chini kabisa, sauti ya kutetemesha viti. Akaipandisha, akaichezesha, akaiyumbisha kama mtu anayetoka harusini, halafu akafika kwenye ile moja ndefu na akaishika. Mashavu yakajaa, yakarudi, yakajaa. Sauti haikukatika. Watu walianza kutazamana. Mbele yetu mtoto mmoja akauliza kwa nguvu zake zote, "Huyu bibi anapumua saa ngapi?" na ukumbi ukaangua kicheko, na macho ya mama yakacheka nao, na sauti bado ipo, nzima, haina hata mkwaruzo.

Mimi nilikuwa namwona mpaka ndani. Chini ya blauzi ile ya bluu aliyojishonea, nilijua mshipa wake nao unafanya hivyo hivyo, unajaa, unarudi, bila kuombwa, tangu kabla mimi sijazaliwa. Nililia wazi wazi. Rula alikuwa amenishika mkono na vidole vyake viko kwenye mapigo yangu, sijui kama alikusudia. "Unakwenda mbio," akaninong'oneza. "Acha kelele ukumbini," nikamwambia.

Makofi yalipokwisha mama akatushukia, midomo imemvimba, jasho linamtoka, mzuri kupita bango lolote.

"Haya," akasema. "Zamu ya nani kumbeba Ng'ombe?"

Nikamtazama Rula. Rula akanitazama. Maisha yetu yote hatujawahi kusahau zamu. Tumesahau siku za kuzaliwa, tumesahau funguo, zamu hatujasahau hata siku moja.

"Sikumbuki," akasema.

"Hata mimi."

Mama akanigusa paji la uso kwa mgongo wa mkono, kisha akamgusa na yeye, kuona kama tuna homa. Tukamshika Ng'ombe pamoja, mmoja huku na mmoja kule, tukaenda naye hadi mlangoni, na hapo akakwama, kwa sababu kila mmoja wetu alitaka kutangulia yeye. Nilipogeuka kuomba msaada nikamwona mama amesimama nyuma yetu, mikono kiunoni, amejaza mashavu mpaka yanang'aa, anajizuia asicheke.